Nguzo Kumi na Mbili za Mgeni wa Mwegamo

Nilifikaje Mwegamo, hilo msiniulize. Aliyewahi kupotea njia anajua, na asiyewahi kupotea hataniamini. Itoshe kwamba nilifika Jumanne mchana, na begi moja na mwavuli, na kabla sijalitua begi nilikuwa nimeshatangazwa kuwa mgeni wa taifa.

Naitwa Sikudhani binti Mshangama. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa majengo wa manispaa, na katika miaka hiyo nilibomolesha hadi ukuta wa shemeji yangu kwa sababu ulipinda vidole viwili. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa ulipinda kweli. Nasema ili ijulikane kwamba anayeandika habari hizi ni mtu aliyezoea kuona vitu vimesimama wima, na kwamba Mwegamo iliniumiza macho tangu dakika ya kwanza.

Ni nchi nzima juu ya maji. Ziwa ni pana, kina chake si kirefu, na ndani yake zimo nyumba mia nne na kitu zilizojengwa juu ya nguzo na kuunganishwa kwa madaraja ya mbao. Ingependeza sana kwenye kalenda, mradi kalenda yenyewe itundikwe upande. Nyumba zote zimelala. Hii imelalia kulia, ile kushoto, nyingine imeinamia mbele kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Uji hupikwa kwenye vyungu vyenye ukingo mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili. Kila raia huvaa kandambili moja nene na moja nyembamba ili atembee sawa ndani ya nyumba yake, na kasoro ya kandambili hizo ni kwamba mtu hawezi kugeuka, kwa maana akigeuka unene unahamia upande usiofaa. Kwa hiyo Wamwegamo wakitaka kurudi walikotoka hurudi kinyumenyume, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Sheria yao ya ndoa, kifungu cha tisa, inamtaka mume alale upande wa bondeni na mke upande wa mlimani. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba zamani ilikuwa kinyume chake, mpaka Bwana Zuberi Mnene alipomporomokea mkewe, na Baraza likakutana kwa dharura asubuhi ile ile.

Lakini katikati ya kulala kote huko nikaona nyumba nyingine, thelathini na saba kwa hesabu yangu, zimenyooka wima, nzuri za kutoa machozi. Kila moja ina nguzo kumi na mbili, vibaraza pande zote na mapazia ya maua. Na kila moja imefungwa kwa kufuli.

"Anaishi nani humu?" nilimuuliza mwanamke niliyepangiwa kukaa kwake.

"Hakuna. Ni nyumba za wageni," akanijibu.

Mwanamke huyo aliitwa Bi Mashavu, mjane wa makamo kama mimi, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo. Alinipokea mlangoni kwake kwa maneno haya: "Karibu dada, karibu sana! Shika hiyo kamba kwanza ndipo uingie, usije ukatufikia kabla hujakaribishwa." Sikuishika. Niliingia, nikateleza chumba kizima kwa makalio, nikasimamishwa na tumbo la binti yake.

Binti huyo ni Mize. Alikuwa na mimba ya miezi tisa, ameketi kwenye ukuta wa bondeni, na akanieleza kwa utulivu kwamba aliporomoka hadi pale tangu mwezi wa saba na hakuona haja ya kupanda tena. Mumewe alikuwa mbali kwenye uvuvi. "Pole mama," akaniambia. "Umeumia? Mimi sijaumia. Huyu naye amezoea." Akalipapasa tumbo lake.

Nikainama kuchungulia chini ya sakafu, maana kazi haimwachi mtu kwa sababu tu amestaafu. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa imesimama juu ya nguzo tatu.

"Bi Mashavu, nguzo nyingine ziko wapi?"

Akafurahi kama nimemuuliza habari za wajukuu. "Zilikuwa tisa! Moja nilimpa mtaalamu wa samaki. Moja mtaalamu wa mbu. Moja yule bwana aliyekuja kututazama tu. Mbili nilizitoa kwa mkupuo walipokuja wale wa semina ya maji, na ya sita alichukua mtaalamu aliyekuja kuchunguza kwa nini nyumba zetu zinalala."

Hivyo ndivyo nilivyoijua desturi kuu ya nchi ile. Mgeni akifika, hujengewa nyumba. Na nyumba ya mgeni haijengwi kwa nguzo mpya, hujengwa kwa nguzo kumi na mbili zilizong'olewa chini ya nyumba za wenyeji, kwa zamu.

"Na hao wageni walikaa siku ngapi?"

"Mbili. Wageni wote hukaa mbili. Kwani semina huwa siku ngapi?"

"Wakalala kwenye hizo nyumba?"

"Mwenzangu, nyumba huchukua siku tatu kujengwa!" Akacheka. "Ila hufagiwa kila asubuhi na chai huandaliwa. Wakirudi je?"

Hapo ndipo akanipa habari iliyoninyima raha. Nyumba yangu mimi ilikuwa imeshaanza kujengwa, na nguzo ya kumi na mbili ilikuwa zamu yake yeye. Ingeng'olewa Alhamisi asubuhi.

"Zitabaki mbili," nikasema.

"Mbili, ndiyo."

"Nyumba haisimami kwa nguzo mbili, Bi Mashavu! Mimi ni mkaguzi, nakwambia. Itakwenda majini."

"Wenye mbili huegemea kwa jirani." Akatazama nje, na mimi nikatazama. Jirani yake ilikuwa nyumba ya yule mtaalamu wa mbu, na nyumba ya mgeni haiegemewi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili bintiye asisikie, "Naomba tu mtoto awahi kabla ya Alhamisi. Asizaliwe ndani ya mtumbwi kama kambale."

"Basi kataa kutoa!"

Lo! Nilikuwa sijamwona amekasirika. "Nikatae? Mimi, binti wa watu, nimnyime mgeni nguzo? Dada, umekuja kwangu kunitukana?" Na jioni ile hakunisemesha tena, ila alinipa samaki mkubwa kuliko wao wote.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa Bwana Feruzi, Mkuu wa Mapokezi wa Taifa. Nyumba yake ndiyo iliyolala kuliko zote, kiasi kwamba watu huwapeleka watoto kuitazama na kuwaambia, mnaona mtu mkarimu? Akanipokea vizuri, akanimiminia chai.

"Bwana Feruzi," nikasema, "pale ng'ambo kuna msitu mzima. Naiona miti kutoka hapa. Kwa nini msikate nguzo mpya?"

Akanionea huruma. "Bibi, nguzo mpya haina utu. Haijawahi kubeba mtu. Tumlazeje mgeni juu ya mti usiojua uzito wa binadamu?"

"Basi wenyeji na wajiwekee hizo mpya."

"Nyumba ikinyooka, mgeni atajuaje kwamba tulimpa kitu?"

"Kwetu husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone nini?" akauliza. "Mwenyeji haumwi."

Nikaona huyu hapelekwi kwa methali. Nikamwambia wazi kwamba sitaki nyumba, nashukuru, Mungu awazidishie, sitaki. Akachukua kalamu. "Mgeni akikataa, maana yake nguzo hazikumtosha. Kwa kila kukataa tunaongeza sita. Kumi na nane."

"Lakini nasema sitaki!"

"Ishirini na nne."

"Bwana wee, hebu nisikilize..."

"Niandike thelathini?"

Nikafumba mdomo. Kwa ukarimu wake akachukua kifutio, akazirudisha zikawa kumi na mbili. Na wakati anafuta, mimi nikitazama chini kwa hasira, nikaiona chai yangu. Chai ilikuwa imetulia ndani ya kikombe, sawasawa na ukingo wake pande zote. Nikadondosha tone sakafuni makusudi. Tone halikwenda popote. Kuta za nyumba ya Bwana Feruzi zilikuwa zimelala kweli, na paa limelala, lakini sakafu yake ilikuwa imenyooka kuliko ya manispaa yetu. Nikayaandika kichwani. Mkaguzi mzuri huandika kwanza.

Siku ile nzima waling'oa. Fundi Machano, mtu mwembamba mwenye kamba begani, alikwenda nyumba kwa nyumba na vijana sita, wakiimba. Nyumba ikitolewa nguzo hutoa mlio, ng'wiii, kisha unasikia sufuria zote zikihamia upande mpya, na wenye nyumba wanatoka nje kinyumenyume wakipiga vigelegele. Mzee mmoja alitoka na mswaki mdomoni, akanishukuru. Mimi nililia kwa hasira mbele za watu, wakadhani ni furaha, wakaongeza vigelegele. Hadi jua linazama, nyumba yangu ilikuwa na nguzo kumi na moja na nusu ya paa. Mize alikuwa hajashikwa na uchungu.

Alhamisi asubuhi Fundi Machano alipofika, alinikuta nimekaa juu ya daraja na nimeikumbatia ile nguzo ya Bi Mashavu kwa miguu na mikono. Haikuwa heshima kwa mwanamke wa umri wangu, najua.

"Mama, toka," akasema kwa upole.

"Leo siku ya ngapi tangu nije?"

Akahesabu kwa vidole. "Ya tatu."

"Na sheria yenu inasemaje juu ya mgeni?"

"Mgeni siku mbili," akasema, kama mtoto anayetoa somo.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Malizia!"

Fundi Machano akakuna kichwa. Bi Mashavu akatoka, akakuna chake. Hakuna aliyejua mwisho wake, kwa sababu katika historia yote ya Mwegamo hakuna mgeni aliyewahi kufikisha siku ya tatu. Ikabidi Baraza liitwe, na mimi nikapelekwa huko, Bi Mashavu na Mize wakinifuata, huku kamba ya Fundi imeshafungwa kwenye nguzo, inasubiri.

Ukumbi wa Baraza umelala vibaya. Serikali hukaa bondeni, kwa hoja kwamba kila kinachoangushwa nchini lazima kiwafikie wao. Upinzani hukaa mlimani wakining'inia kwenye kamba, ndiyo maana hawapigi makofi. Karani akaleta Kitabu cha Sheria. Ukurasa wa kwanza ulisema: *Mgeni siku mbili.* Ukurasa wa pili ulikuwa umegandana na wa kwanza kwa uji wa miaka mingi. Ukabanduliwa kwa mvuke wa birika, taratibu, Baraza zima likishikilia pumzi, na karani akasoma: "Ya tatu mpe jembe."

Ukumbi ukalipuka. Jembe ni nini? Mjumbe mmoja alisema ni cheo. Mwingine alisema ni aina ya muhogo, na bibi yake alikuwa akiutaja. Wa tatu akapendekeza iundwe kamati ya watu tisa iende nchi za nje kwa siku mbili kujifunza jembe, na hoja hiyo ilikuwa inakaribia kupita.

"Ni chuma!" nikapiga kelele. "Chuma kipana, kina tundu la mpini, unalimia udongo! Mgeni akipewa jembe amekwisha kuwa mwenyeji, anafanya kazi kama wengine, na hajengewi chochote! Nipeni jembe langu na muiache nguzo ya mama wa watu!"

"Hatuna kitu hicho," akasema Bwana Feruzi. "Hatuna udongo. Na kama hakuna jembe, basi bibi bado ni mgeni. Fundi, nenda kang'oe."

Nikaona Bi Mashavu ameshika kamba ya ukumbi kwa mikono miwili. Alikuwa amenyoosha shingo kwa fahari, kama anayepewa nishani, na machozi yanamtoka.

"Subirini," akasema Mize kutoka bondeni, ambako alikuwa ameteremka hadi kwenye miguu ya serikali. "Chuma kipana, kina tundu? Mama, si ndiyo ile Zawadi iliyo chini ya kitanda?"

Akakimbizwa mtu, akarudi nayo. Jembe! Jembe jipya kabisa, la kutu. Ikafahamika kwamba miaka ya nyuma wafadhili fulani, watu wazuri, waliiletea nchi ile ya maji majembe mia nne bila mipini, wakapigwa picha, wakaondoka. Wenyeji waliyatazama kwa siku kadhaa, kisha kila nyumba ikaweka lake chini ya mguu wa kitanda, upande wa bondeni, ili kitanda kinyooke kidogo. Wanayaita Zawadi, na walidhani yametengenezwa kwa kazi hiyo.

"Hiyo ni Zawadi," Bwana Feruzi akang'ang'ania. "Haijaandikwa jembe popote. Napinga."

Nikamsogelea, nikaegemea meza yake. "Bwana Feruzi," nikasema kwa sauti ya kiofisi, "naomba kuuliza mbele ya Baraza hili kuhusu kikombe cha chai."

Akakohoa. Akakohoa tena. "Naondoa pingamizi," akasema.

Basi nikakabidhiwa jembe, nikaandikwa kuwa mwenyeji, nikapewa kandambili. Fundi Machano akaenda akafungua kamba yake kwenye nguzo ya Bi Mashavu. Bi Mashavu akanikumbatia, nikashindwa kujizuia, tukaporomoka wote wawili hadi kwa Waziri wa Fedha.

Furaha haikudumu. Bwana Feruzi alikuwa amesimama tena na kalamu yake. Nguzo iliyotolewa, alisema, hairudi; hiyo ni sheria ya kale. Nyumba ya nguzo kumi na moja itamaliziwa paa, itafungwa kufuli, na iwe ya thelathini na nane.

"Ya mgeni gani? Mgeni hayupo tena!"

"Itamsubiri," akasema. "Wote huwa hawapo."

Hapo nilichemka. Nilimwambia maneno ambayo karani aliomba niyarudie polepole ili ayaandike. Na ningali katikati ya kuyarudia, Mize akasema, "Mama," na maji yakamtoka. Kwa mwinamo wa ukumbi ule yalikwenda moja kwa moja, yakapita chini ya meza, yakalowesha kandambili za serikali yote. Mawaziri wakapanda juu ya viti. Upinzani, kwa mara ya kwanza, wakaachia kamba na kupiga makofi, wakaporomoka.

Ikatandazwa khanga, akaitwa mkunga, wanaume wakageuzwa nyuso, wakawa wanatembea kinyumenyume kuelekea mlangoni wakigongana. Sikukaa pembeni. Nilikaa chini yake na kumzuia asiteleze, mgongo nimeuegemeza kwenye meza ya Bwana Feruzi, kwa muda nisioujua. Mtoto akalia. Mkunga akamwinua, akatangaza kama wanavyotangaza wakunga wote:

"Tumepata mgeni! Mgeni wa kike!"

Kisha kichwa kimoja kikageuka, halafu kingine, mpaka Baraza lote likawa linamtazama Bwana Feruzi.

"Huyo," akasema, "huyo si... hiyo ni namna ya kusema tu."

"Ametoka mbali," akasema Fundi Machano mlangoni.

"Hana ndugu humu aliyewahi kumwona," akasema mjumbe mmoja.

"Na hata nguo hana!" akasema mwingine, na hoja hiyo iliwagusa sana.

Karani akafungua Kitabu. Sheria inasema mgeni ajengewe. Haisemi awe ametoka wapi, wala awe na urefu gani. Ikapitishwa kwamba nyumba ya nguzo kumi na moja ni ya huyo mgeni, na kwa kuwa mgeni mwenyewe hawezi hata kujigeuza, atalala humo na mama yake na bibi yake. Wajumbe watano waliokuwa na wake wajawazito wakaulizia haraka funguo za zile thelathini na saba.

"Imebaki nguzo moja," Bwana Feruzi akasema, na nikaona anatabasamu. "Ya kumi na mbili. Zamu ya Bi Mashavu. Asipotoa, mgeni hana nyumba. Na akitoa, nyumba yake itaanguka."

Bi Mashavu alikuwa anamfunga mtoto kwa khanga. Hakuinua hata uso. "Ng'oa," akasema. "Ng'oa zote tatu, Fundi, moja weka kwa mgeni, mbili kawape waliobaki na mbili. Mimi nahamia kwa mgeni."

Nyumba yake ilikwenda majini saa kumi alasiri, kwa kishindo kizuri, na Fundi Machano akaokoa sufuria.

Tulimwingiza mtoto kabla paa halijakamilika. Nao hawakuweza kutembea mle ndani; Mize alishika ukuta, Bi Mashavu akaanguka mara mbili kwenye sakafu isiyo na kosa lolote, ikabidi avue kandambili. Kule kwao, bibi wa mtoto mchanga ana kazi moja: mtoto akilazwa chini, yeye hukaa ukutani upande wa bondeni, miguu ameitanua na mikono ameiweka tayari, amdake akiporomoka. Bi Mashavu akamlaza mjukuu wake katikati ya chumba. Akaenda akakaa ukutani. Akatanua miguu, akaweka mikono.

Akasubiri. Mtoto alipiga mateke, akapiga miayo. Uji ulikuja, ukapoa. Nikaketi karibu naye.

"Haji," akaninong'oneza. "Dada, haji. Yuko pale pale nilipomweka."

Akalia sana, lakini mikono hakuiondoa.